Kiswahili Kando ya Tana: Amri, Bei na Undugu katika Mji wa Garissa

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya umezoea kuanza na swali moja: kwa nini lugha hii haijashika mizizi huko? Swali hilo lina kasoro hata kabla halijajibiwa. Linachukulia kwamba Kiswahili ni mgeni katika mji wa Garissa, kwamba kilipakiwa kwenye lori jijini Nairobi na kuteremshwa kando ya mto Tana pamoja na mafaili ya serikali na magunia ya maharagwe. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli. Katika Garissa pana Kiswahili cha namna tatu, na kila kimoja kina mlango wake. Kuna Kiswahili cha amri, kilichoingia na dola. Kuna Kiswahili cha bei, kilichoingia na barabara na soko. Kisha kuna Kiswahili cha undugu, ambacho hakikuhitaji kuingia, kwa kuwa lugha ndugu zake zilikuwapo mtoni kabla mji haujajengwa.

Suala hili si la nadharia tupu. Mwalimu anayekijua Kiswahili cha amri peke yake atakifundisha kama lugha ya kigeni, na mwanafunzi atakipokea hivyo. Anayevijua vyote vitatu ana mahali pengi pa kuanzia somo.

Mji wa daraja moja

Garissa uko katika ukingo wa mashariki wa Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaosafiri karibu kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu hadi Bahari ya Hindi. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na tangu mwaka 2013 ni makao makuu ya Kaunti ya Garissa. Barabara itokayo Nairobi kupitia Thika na Mwingi, umbali wa takribani kilomita 370, hufika kwanza Madogo, katika Kaunti ya Tana River, ndipo ivuke daraja na kuingia mjini. Kutoka hapo njia hugawanyika. Moja huelekea kaskazini hadi Modogashe, Wajir na Mandera. Nyingine huelekea mashariki hadi Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilianza kufunguliwa mwaka 1991, na kuendelea hadi Liboi kwenye mpaka wa Somalia. Nyingine hushuka kusini kuufuata mto kuelekea upande wa Lamu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya eneo hilo imeshikiliwa na daraja moja na kipande kifupi cha barabara. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilidhihirisha udhaifu huo, na mafuriko ya mwaka 2018 na ya Novemba 2023 yaliurudia ushahidi. Aprili 2024 maji yalipoikata tena barabara kati ya Madogo na Garissa, wasafiri walivushwa kwa mashua. Mashua moja ilizama na watu wakapoteza maisha.

Tegemeo kuu la uchumi wa mji ni mifugo. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, biashara ya ng'ombe kutoka kusini mwa nchi hiyo ilielekea zaidi Garissa, na kutoka hapo wanyama husafirishwa hadi Nairobi na miji mingine. Mwaka 2019 kiwanda cha umeme wa jua chenye uwezo wa zaidi ya megawati 50 kilizinduliwa karibu na mji. Mifugo, malori, mabasi na sasa umeme: mji wa namna hii hauwezi kuishi kwa lugha moja.

Ushahidi wa majina

Njia rahisi ya kuiona wingilugha ya Garissa ni kusoma majina ya mitaa. Eneo bunge la Garissa Township lina wadi nne: Waberi, Galbet, Township na Iftin. Waberi latokana na neno la Kisomali lenye maana ya alfajiri. Galbet, kutoka galbeed, ni magharibi. Iftin ni mwanga. Jina moja tu kati ya manne ni la Kiingereza, nalo ndilo lisilosema lolote ila cheo cha mji.

Majina ya mitaa midogo yanafundisha zaidi. Mengi huanza na neno bulla, ambalo ni sawa na buulo la Kisomali, yaani kijiji au makazi. Pana Bulla Iftin na Bulla Sheikh, lakini pia pana Bulla Punda na Bulla Mzuri. Katika Bulla Punda, nomino ya Kisomali imefuatwa na nomino ya Kiswahili bila kiunganishi chochote, na wasemaji wa lugha zote mbili wanaelewa. Katika Bulla Mzuri kuna jambo la kuvutia zaidi kwa mwanasarufi. Kiswahili kinapopokea nomino ya kigeni isiyo na kiambishi, aghalabu huiweka katika ngeli ya I-ZI, na hapo tungetarajia "bulla nzuri". Wakazi wamesema "mzuri". Fasiri moja inayowezekana ni kwamba nyuma ya neno bulla limejificha neno mtaa, na kivumishi kimepatana na neno lililo akilini badala ya lile lililo mdomoni. Ikiwa ndivyo, basi aliyeupa mtaa huo jina alikuwa akifikiri kwa lugha mbili kwa wakati mmoja.

Kiswahili cha amri

Hata hivyo, majina hayo hayaondoi historia. Wasomali na jamii nyingine za Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitawaliwa na wakoloni kwa sheria za pekee zilizozuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Baada ya uhuru, kati ya 1963 na 1967, pakawa na vita vya kutaka kujitenga. Vita hivyo viliachia Kiswahili cha Kenya neno shifta, lenye asili katika lugha za Ethiopia, likiwa na maana ya jambazi. Neno lililokusudiwa mpiganaji mwenye bunduki likaja kutumiwa kwa jamii nzima. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika katika eneo hilo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ndani ya mji wenyewe, jina Bulla Kartasi limebeba kumbukumbu nzito. Kartasi ni karatasi. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa huo na kuwatesa wakazi. Tukio hilo limeandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipitishwa katika mchujo wa pekee kuthibitisha uraia wao, na kwa miaka mingi abiria anayevuka daraja la Tana alitarajia kizuizi cha polisi na kudaiwa kitambulisho.

Katika mazingira hayo yote Kiswahili kilisikika zaidi katika hali moja ya kitenzi, nayo ni hali ya kuamrisha: shuka, panga mstari, toa kitambulisho, kaa chini. Si ajabu basi kwamba kaskazini mtu anayesafiri kwenda Nairobi amezoeleka kusema kwamba anakwenda Kenya. Usemi huo huchukuliwa na wengi kama mzaha. Mwanaisimujamii hana budi kuuchukua kama data: msemaji ameweka mpaka wa nchi pale alipohisi kwamba anaanza kuulizwa yeye ni nani.

Mtafiti akiipuuza sura hii hatafahamu kwa nini mwanafunzi mwerevu anaweza kufaulu somo la Kiswahili na asitake kukizungumza. Lakini akiishia hapa atakuwa amesikiliza kizuizi cha barabara na kuliacha soko.

Kiswahili cha bei

Sokoni vitenzi hubadilika. Amri hupungua, maswali na masharti huongezeka: unauzaje, ukipunguza nitachukua wawili, mwisho wako ni ngapi? Mfugaji wa Kisomali, mnunuzi wa Kikamba, dereva wa lori na Mmeru aliyeleta miraa hawana lugha nyingine ya pamoja iliyo karibu zaidi. Hapa Kiswahili hakina cheo. Kinapimwa kwa jambo moja tu, kama bei imeeleweka.

Mtu muhimu katika soko la mifugo ni mpatanishi anayesimama kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwa Kisomali huitwa dilaal. Kwa Kiswahili ni dalali. Maneno hayo ni mamoja, yaliyotoka Kiarabu kwa njia mbili na kukutana tena uwanjani Garissa. Mifano ya aina hiyo ni mingi: wakati ni waqti, saa ni saacad, safari ni safar, duka ni dukaan, adabu ni edeb, sabuni ni saabuun. Mwanafunzi wa Garissa anayeambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wa mbali ana msamiati wake nyumbani bila kuambiwa.

Tofauti nazo zipo, na zafaa kuelezwa kwa utaratibu badala ya kuchekwa. Alfabeti ya Kisomali iliyorasimishwa mwaka 1972 haina herufi p, v wala z, kwa kuwa sauti hizo si za lugha hiyo. Kwa hiyo p huelekea kuwa b, v kuwa f, na z kuwa s. Mwanafunzi anayesema "fisuri" badala ya "vizuri" hajafanya uzembe, amefuata kanuni. Aidha, herufi dh zipo katika lugha zote mbili lakini hazina sauti moja. Katika Kiswahili ni sauti ya neno dhahabu. Katika Kisomali ni d inayotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma. Mwalimu asiyelijua hilo atasahihisha kosa bila kujua chanzo chake.

Kiswahili cha undugu

Mlango wa tatu ndio unaosahaulika mara nyingi. Katika uainishaji uliofanywa na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kazi yao ya mwaka 1993, Kiswahili kimewekwa katika kundi la lugha za Kibantu liitwalo Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kikomoro, Kipokomo na Kielwana. Lugha mbili kati ya hizo, Kipokomo na Kielwana, ni lugha za mto Tana. Waelwana, wanaojulikana pia kwa jina la Wamalakote, huishi kandokando ya mto juu ya nchi ya Wapokomo, katika eneo linalopakana na Garissa. Kwa maneno mengine, umbali kati ya mji unaosemekana kuwa mgeni kwa Kiswahili na lugha ndugu ya Kiswahili ni umbali wa safari fupi ya kando ya mto.

Kielwana kina funzo jingine. Kwa kuishi na Waorma kwa muda mrefu kimepokea maneno na baadhi ya sifa za kisarufi kutoka Kiorma, ambayo ni lugha ya Kikushi. Basi mkutano wa Kibantu na Kikushi tunaoushuhudia leo katika jina Bulla Mzuri ulikwisha kutokea mtoni kwa karne nyingi. Upande wa pili wa mkutano huo wapo Wamunyoyaya, wakulima na wavuvi wa kingo za Tana karibu na Garissa, waitwao pia Wakorokoro. Wao huzungumza lahaja ya Kiorma, ingawa maisha yao ya jembe na mtumbwi yanafanana zaidi na ya majirani zao Wabantu kuliko ya wafugaji wenzao wa lugha.

Ukishuka na mto, utawakuta Wapokomo, ambao wimbo wao wa kubembeleza mtoto ulitoa lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Ukifuata pwani kuelekea kaskazini utakutana na Kitikuu cha Wabajuni, na hatimaye Chimwiini cha Barawa, lahaja ya Kiswahili iliyo ndani ya Somalia yenyewe. Ramani hiyo inatosha kuonyesha kwamba Kiswahili na Kisomali ni majirani wa kale, ambao polisi na faili viliwakuta wakiwa tayari wamejuana.

Lugha hizi ndogo ndizo zilizo hatarini zaidi. Mtoto wa Kimunyoyaya au wa Kielwana anayekulia mjini huhitaji Kisomali mtaani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Lugha ya nyanya yake haimhitaji mtu yeyote amwulize bei. Mafuriko yanapohamisha vijiji vya kingoni, wasemaji nao hutawanyika. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka serikali kukuza na kulinda wingi wa lugha za wananchi. Wanafunzi wa Kiswahili wanapenda kuinukuu sehemu ya kwanza. Ya pili nayo inawahusu, kwa kuwa Kielwana kikipotea, historia ya Kiswahili imepoteza shahidi.

Mto katika fasihi

Uhusiano huu haukuwa siri kwa washairi wa kale. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hauanzii wala hauishii miongoni mwa Waswahili peke yao. Wafugaji wa bara, wanaotajwa humo kwa jina la zamani la Wagala ambalo Waoromo wa leo hawalipendi, wanafika Pate, wanasikia sifa za shujaa, wanastaajabia nguvu zake na kuomba apate mtoto kwao, ndoa inafungwa. Kaburi la Liyongo kwa mapokeo huonyeshwa karibu na Kipini, pale Tana unapoingia baharini. Shujaa mkuu wa fasihi ya Kiswahili basi ni mkwe wa watu wa bara na jirani wa mto uleule unaopita chini ya daraja la Garissa.

Ulinganishaji wa kishairi nao una nafasi. Shairi la Kiswahili la kimapokeo hufungwa kwa mizani na vina vya kati na vya mwisho. Gabay ya Kisomali nayo ina mizani yake, lakini badala ya vina hufungwa kwa sauti moja ya mwanzo wa maneno inayorudiwa mstari hadi mstari katika shairi zima. Washairi wa Kiswahili hulumbana. Washairi wa Kisomali nao wana silsilad, mnyororo wa mashairi ya kujibizana ambamo kila anayejibu huifuata sauti ya aliyeanza. Kijana aliyekulia katika mapokeo hayo anajua tayari kwamba ushairi ni kazi ya sikio na ya kanuni. Akiletewa arudhi ya Kiswahili kwa njia ya ulinganisho ataipokea kama fani ya jirani.

Darasani

Kwa miaka mingi Kiswahili katika shule za Kaskazini Mashariki kilifundishwa kwa kiasi kikubwa na walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, walimu wakiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi kutoka pembe mbalimbali za Kenya, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 2011 mahali palipokuwa chuo cha walimu. Chuo kilifunguliwa tena mwaka 2016 na kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2017. Walimu wengi wa nje waliondoka, na mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa katika Kaunti ya Garissa, wengine wengi walihamishwa. Wanafunzi waliobaki walipoteza masomo mengi. Kiswahili kilipoteza karibu sauti zake zote za kila siku shuleni.

Pengo hilo halitazibwa kwa kuwangoja wageni warudi. Linataka walimu wa Kiswahili waliozaliwa humo, na linataka somo linaloanza na wanachokijua. Mfano mmoja unatosha. Ngeli husemwa kuwa kikwazo kikuu kwa mwanafunzi Msomali. Lakini Kisomali kina jinsi mbili za nomino, na kiambishi cha kubainisha hufuata jinsi: nin, mwanamume, huwa ninka, naag, mwanamke, huwa naagta. Zaidi ya hayo, nomino nyingi hubadili jinsi zinapoingia wingi: waddada ni barabara ile, waddooyinka ni barabara zile, na kiambishi kimegeuka. Anayeyafanya hayo kila siku bila kufikiri hashindwi kuelewa kwa nini mti ni huu na miti ni hii. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba kanuni hiyo ameshaizoea, tofauti ni idadi ya makundi.

Hitimisho

Makala imejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili cha Garissa kina historia tatu, na kwamba ya kwanza, ile ya amri, imesikika kwa sauti kubwa kiasi cha kuzifunika nyingine mbili. Haifai kuificha, kwa maana waliochomewa nyumba wangali na kumbukumbu. Dawa yake ni kuzipa nyingine nafasi katika vitabu, katika mafunzo ya walimu na katika tasnifu. Kwa wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada, kazi ipo: kukusanya msamiati wa madalali wa soko la mifugo, kuchunguza upatanisho katika majina ya mitaa, kurekodi nyimbo na masimulizi ya Waelwana na Wamunyoyaya wangali wapo wazee wa kuyasema. Kazi hizo zinahitaji kinasa sauti, daftari na mtu aliye tayari kukaa na kusikiliza katika mji ambao kwa muda mrefu umesemeshwa zaidi kuliko ulivyosikilizwa.